Kwa nini msafiri wa Mombasa hutua Nairobi kwanza

Mtalii anayetoka Ulaya kwenda kupumzika katika ufuo wa Diani, na mwana wa Pwani anayetoka London au Marekani kwenda kumzika mzazi wake Mombasa, mara nyingi husimama katika foleni moja: ile ya maafisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Wakishagongewa mihuri, kila mmoja bado ana safari mbele yake: ndege ya ndani ya muda wa saa moja hivi, au treni ya takriban saa tano.

Hali hiyo humshangaza mgeni, kwa sababu Mombasa ina uwanja wake wa kimataifa. Njia kuu ya kurukia ndege katika uwanja wa Moi ina urefu wa takriban mita 3,350, na ndege kubwa za safari za mbali zimekuwa zikitua hapo kwa zaidi ya miaka 40. Njia hiyo ilikarabatiwa upya mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Lami ipo, taa zipo, majengo ya abiria yapo. Ndege ndizo chache, na sababu za uchache huo zinahusu maamuzi yanayopitishwa mbali na Pwani.

Kutoka Port Reitz hadi Moi

Uwanja huo uko Port Reitz, katika eneo la Changamwe, upande wa bara magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Ulianzishwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwa matumizi ya kijeshi, na baada ya vita ukahudumia ndege za kiraia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipanuliwa ili upokee ndege za kimataifa, na ukapewa jina la Daniel arap Moi, aliyeshika urais wa Kenya mwaka 1978.

Upanuzi huo ulikuwa na maana mahsusi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na pamoja nayo shirika la ndege la pamoja la East African Airways. Kila nchi ikabaki na jukumu la kujitafutia njia yake angani. Kenya iliunda shirika la Kenya Airways mwaka huo huo wa 1977 na kuliweka makao yake Nairobi. Mombasa ilipewa kazi nyingine: kupokea watalii wa pwani.

Ndege za msimu

Wengi wa watalii hao hawakuja kwa ndege za ratiba ya kawaida. Walikuja kwa ndege za kukodiwa. Kampuni ya utalii ya Uingereza, Ujerumani au Italia hukodi ndege nzima, kisha huuza kiti, kitanda cha hoteli na chakula kwa bei moja. Mteja hulipa kwao, hupanda ndege karibu na nyumbani na kushuka Mombasa asubuhi inayofuata.

Utaratibu huo una majira yake. Kama vile majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalivyokuja kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, ndege hizi nazo huongezeka kuanzia Desemba hadi Machi, Ulaya inapokuwa na baridi kali, na hupungua sana mvua za masika zinapoanza.

Faida yake ni bei nafuu na hoteli kujaa kwa mkupuo. Hasara yake ni kwamba maisha ya ukanda mzima hutegemea uamuzi wa kampuni chache za ng'ambo. Shirika lenye safari za ratiba huwa na abiria wa kila aina: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa, jamaa wanaotembeleana. Ndege ya kukodiwa humbeba mtalii peke yake. Mtalii akiogopa, ndege haina sababu ya kuja.

Siku ambazo watalii waliogopa

Hofu hiyo imekuja zaidi ya mara moja. Mwezi Agosti mwaka 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na ghasia zilizofuata ziliwaua watu kadhaa na kuwafukuza maelfu makwao. Hoteli zilibaki tupu wakati wa msimu ambao zingepaswa kujaa.

Tarehe 28 Novemba mwaka 2002 uwanja wa ndege wenyewe ulilengwa. Ndege ya shirika la Arkia la Israel, ikiwa na abiria zaidi ya 250, ilikuwa ndiyo kwanza imeruka kuelekea Tel Aviv wakati makombora mawili yaliporushwa kuelekea kwake. Yote mawili yaliikosa. Karibu wakati huo huo, hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa. Watu 13 waliuawa, Wakenya 10 na Waisraeli watatu, mbali na washambuliaji. Miongoni mwa Wakenya waliokufa walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Miezi michache baadaye, Mei mwaka 2003, Uingereza ilisimamisha kwa wiki kadhaa safari zote za ndege zake kwenda Kenya.

Tukio la mwaka 2014 halikuwa na umwagaji damu wa kiasi hicho uwanjani wala hotelini, lakini linaeleza vizuri zaidi jinsi mambo yanavyokwenda. Katikati ya mwezi Mei mwaka huo, baada ya mfululizo wa mashambulizi nchini Kenya, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliwashauri raia wake wasiende, ila kwa dharura, katika kisiwa cha Mombasa na katika ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Uwanja wa ndege wa Moi haukuwamo katika tahadhari hiyo. Diani, zilipo hoteli nyingi, haikuwamo pia.

Lakini kati ya uwanja na Diani kulikuwa na kisiwa. Mgeni aliyetua Port Reitz alilazimika kuvuka kwenda mjini, kisha kupanda feri ya Likoni ili afike pwani ya kusini. Alikuwa salama, kwa mujibu wa tahadhari hiyo, pale aliposhuka na pale alipokwenda, lakini si njiani. Kampuni za Thomson na First Choice ziliwarejesha nyumbani mamia ya wateja wao kabla ya likizo zao kwisha na kufuta safari za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Uingereza ililegeza tahadhari yake mwaka 2015. Hata hivyo, kampuni iliyokwisha kuwapeleka wateja wake kwingine haina haraka ya kurudi.

Kwa upande wa njia, jawabu limepatikana. Sehemu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa mwaka 2018, na kwa madaraja yaliyojengwa baadaye, gari sasa linaweza kutoka upande wa uwanja hadi pwani ya kusini bila kupita mjini wala kungoja feri. Serikali ilijaribu pia kuzivuta ndege za kukodiwa. Mwaka 2016 ilitangaza kuondoa ada za kutua na kutoa, kwa masharti, ruzuku ya dola 30 kwa kila abiria. Lakini ndege za ratiba zilibaki na kizuizi cha aina nyingine, nacho hakiondolewi kwa barabara wala kwa ruzuku.

Anga ni mali ya nani?

Kizuizi hicho ni cha kisheria. Kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Shirika la ndege haliwezi kuamua lenyewe kuanzisha safari za ratiba kwenda nchi nyingine. Sharti serikali mbili zikubaliane kwanza: mashirika yapi yataruka, kwenda miji ipi, na mara ngapi kwa wiki.

Ruhusa hizo hupangwa kwa ngazi. Ya kawaida ni haki ya shirika kuchukua abiria kutoka nchini kwake kwenda nchi nyingine, na kuwarudisha. Ngumu zaidi ni ile inayoitwa uhuru wa tano, yaani haki ya kuchukua abiria kati ya nchi mbili za kigeni. Ndege ya Uturuki inayopitia Kilimanjaro kabla ya kufika Mombasa, kwa mfano, haiwezi kumuuzia tiketi mtu anayepanda Kilimanjaro na kushuka Mombasa mpaka Tanzania na Kenya ziridhie. Bila abiria hao, huenda viti vikawa vitupu na safari isilipe.

Ndiyo maana neno "anga huria" limekuwa wimbo wa kila siku Mombasa. Wenye hoteli na viongozi wa Pwani wamedai kwa miaka mingi kwamba mashirika ya kigeni yaruhusiwe kutua hapo bila mipaka mikali. Mlango umefunguliwa kidogo kidogo. Qatar Airways ilianza safari za Doha hadi Mombasa mwaka 2018, na flydubai ikaanza zake mwaka 2024. Kila ruhusa ya namna hiyo hutanguliwa na mazungumzo marefu.

Hoja ya Nairobi

Wanaosita nao wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Kenya Airways imejengwa juu ya Nairobi kama kitovu: abiria hukusanywa kutoka miji mingi, hukutanishwa hapo, kisha hugawanywa upya. Abiria wa Mombasa anayeunganisha safari Nairobi ni sehemu ya hesabu hiyo. Akichukuliwa moja kwa moja na shirika la Ghuba, Nairobi humpoteza katika safari ndefu na katika safari fupi pia.

Zaidi ya hayo, mashirika ya Ghuba yana mtaji na ndege nyingi kuliko yoyote ya Afrika Mashariki, na nyuma yao zipo serikali tajiri. Kenya Airways imeelemewa na madeni kwa miaka mingi. Mwaka 2024 ilipata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja, lakini katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ikarejea kwenye hasara. Wanaoitetea husema kwamba shirika likifa, maelfu ya ajira yatakufa nalo, na siku mashirika ya kigeni yatakapoona Mombasa hailipi, yataondoka bila kuaga.

Wapinzani wa hoja hiyo hujibu kwa swali moja: je, ni haki ukanda mmoja wa nchi ubebe gharama ya kulilinda shirika la taifa zima? Tena huongeza kwamba mtalii asiyepata ndege ya moja kwa moja kwenda Mombasa si lazima apitie Nairobi. Anaweza kuchagua ufuo mwingine.

Jirani ng'ambo ya maji

Ufuo huo mwingine hauko mbali. Zanzibar, yenye watu wasiofika milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022, ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Kenya nzima, pamoja na mbuga zake na mikutano ya Nairobi, ilipokea takriban milioni 2.4 mwaka huo. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume ulirefushiwa njia yake ya kurukia, ukajengewa jengo jipya la abiria, na hupokea ndege za moja kwa moja kutoka Ulaya na Ghuba.

Mifano miwili haifanani kwa kila jambo. Zanzibar ni kisiwa, na mgeni wake hana treni wala barabara ya kumfikisha. Tanzania haikuwa na shirika kubwa la safari za Ulaya ambalo ingelazimika kulilinda. Na wingi wa wageni umeleta maswali yake Unguja, kuhusu nani anamiliki hoteli, maji yanatumikaje na vijana wa vijijini wanapata nini. Hata hivyo, fundisho moja liko wazi: mchanga mweupe na maji ya joto viko pande zote mbili, na msafiri huenda pale ndege inapompeleka.

Wanaongoja

Katika barabara ya kwenda uwanjani, hapo Changamwe, wako wachonga vinyago wa chama cha ushirika cha Akamba, ambao kwa miongo mingi wamechonga twiga na simba wa mbao kwa ajili ya wageni. Wako madereva wa teksi, wapishi, wafuaji wa mashuka ya hoteli, na wavuvi wanaouza kamba na pweza kwa majiko ya Nyali na Diani. Hao hawahudhurii mikutano ya kugawana haki za anga, lakini idadi ya ndege inayoamuliwa huko ndiyo humwambia kila mmoja wao kama mwezi ujao atakuwa na kazi.

Na wako wasafiri ambao si watalii. Kati ya Pwani na Maskati, Dubai na Jeddah kuna undugu, ndoa na ajira za tangu zamani, na leo wako pia wengi walioko Uingereza na Marekani Kaskazini. Kwa Mwislamu, maiti huzikwa upesi iwezekanavyo. Anayepigiwa simu alfajiri akiwa Ghuba, na akapata ndege ya moja kwa moja, huenda akawahi kushika jeneza. Anayelazimika kungoja ndege ya pili Nairobi mara nyingi hufika na kukuta watu wamekwisha kurudi makaburini.