Picha za Ziara ya Sayansi: Kumbukumbu au Ushahidi?

Mnamo mwaka 1978, huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walioongozwa na Mary Leakey waligundua nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ili zisiharibike, nyayo hizo zilifukiwa tena. Tangu hapo wataalamu wengi wamezichunguza kwa kutumia picha, vipimo na nakala za umbo lake. Lau picha hizo zingepigwa ovyo, zisingewafaa kitu.

Wanafunzi waendao ziara za sayansi yawapasa kulizingatia jambo hilo. Picha peke yake haielezi ukubwa. Kwa hiyo rula huwekwa kando ya kitu kinachopigwa, katika kimo kilekile. Tuseme unyayo wenye urefu wa sentimeta 20 uko sentimeta 50 kutoka kwenye lenzi, na rula imeinuliwa hata ikawa sentimeta 40 kutoka kwenye lenzi hiyo. Kwa kuwa kitu kilicho karibu huonekana kikubwa zaidi, unyayo utasomeka kuwa na sentimeta 16 tu. Hilo ni kosa la asilimia 20, wala halitambulikani kwa kuitazama picha.

Mwanga nao una kanuni zake. Jua la adhuhuri humulika shimo lote, na unyayo huonekana kama doa. Asubuhi au jioni miale huja kwa mshazari, kingo hutupa vivuli, na kina hudhihirika.

Aidha, kila picha ipewe namba, nayo iandikwe daftarini pamoja na tarehe, saa, mahali, upande ulioelekewa na kamera, na swali lililokusudiwa kujibiwa. Hata simu inayohifadhi saa na mahali haiwezi kueleza kwa nini picha ilipigwa.

Kabla ya safari, mwalimu aweza kufanya jaribio kwenye tope lenye nyayo za kuku karibu na darasa. Mwanafunzi mmoja apige picha. Mwenzake ambaye hakufika pale akadirie urefu wa unyayo kutokana na picha hiyo tu. Kisha jibu lake lilinganishwe na kipimo halisi. Yakitofautiana sana, chanzo cha kosa kitafutwe, na picha ipigwe upya.