Remorke nyuma ya jeep: freni yake inaamriwa na nani?

Mwenye kushuka Ngomo, kutoka Nyangezi kuelekea Kamanyola, anaijua ile harufu ya plaketi zinazoungua. Mara moja nilishuka hapo mu jeep iliyovuta remorke ya mifuko ya simenti. Shofere alikanyaga freni, jeep ikapunguza mwendo, lakini remorke haikusikia kitu: ilitusukuma mgongoni mpaka gari likapinda kidogo upande wa bonde. Tulipofika chini nikamuuliza: “Papa, remorke hii iko na freni?” Akacheka: “Freni ni ile ya jeep, mtoto wangu.”

Juu ya jibu hilo, na juu wengi wanatuuliza kuhusu kale kasanduku ka freni kanakofungwa chini ya dashibodi, leo tueleze namna kanavyofanya kazi.

Kwanza inama uangalie nyuma ya gurudumu la remorke. Ukiona waya mbili zinaingia mu tamburu, remorke iko na freni ya umeme: ndani mna sumaku inayoamka ikipata moto wa batri, inavuta na kufungua viatu vya freni. Ukiona kamba ya chuma ama fito linalotoka kwenye mkono wa mbele, hiyo ni freni ya kusukuma, ya kawaida kwa remorke za Ulaya: jeep ikipunguza mwendo, remorke inajisukuma na kujifunga yenyewe. Hiyo haihitaji kasanduku. Na ukikuta hakuna kitu, sawa remorke nyingi zinazounganishwa mu garage zetu kwa ekseli ya gari la zamani, usinunue kasanduku. Hakatakuwa na kitu cha kuamuru. Ulaya, remorke isiyo na freni haipaswi kupita kilo 750 pamoja na mzigo. Sasa hesabu: mifuko 20 ya simenti ya kilo 50 ni kilo 1000, mbele hata ya kuhesabu chuma chenyewe.

Kwa freni ya umeme, ya kawaida Marekani na Australia, kasanduku kako aina mbili. Ya kwanza inatuma nguvu ileile uliyopanga kila ukikanyaga pedali, ukikanyaga pole ama kwa nguvu. Ni ya bei ndogo, na haijali namna imefungwa. Ya pili inapima jeep inavyopunguza mwendo, inatuma nguvu kulingana na hiyo. Kwa milima yetu mimi ningechukua ya pili. Lakini nyingi za aina hiyo lazima zielekee mbele sawasawa na safari ya gari. Fundi akiipinda, inapima vibaya.

Kabla ya kulipa, pima batri. Kasanduku nyingi ni za volti 12, na Land Cruiser fulani zilizotoka Japani ziko na volti 24. Kuona batri mbili hakutoshi, juu zinaweza kuunganishwa zikabaki 12. Mekanisyen achukue mita.

Kufunga kwenyewe si kazi ya siku nzima. Toa kwanza kichwa cha hasi cha batri. Kwa kawaida kuna waya ine: nyeusi inaenda moja kwa moja kwenye chanya ya batri, ikipitia kikata-moto cha ampea 20 kwa ekseli moja yenye freni, ama 30 kwa ekseli mbili, nyeupe kwenye hasi ya batri, si kwenye bodi yenye kutu, nyekundu kwenye swichi ya taa ya stop, upande unaopata moto tu pedali ikikanyagwa, buluu inaenda nyuma mpaka kwenye priza ya remorke. Soma karatasi yake, rangi zinaweza kubadilika. Nyeusi, nyeupe na buluu ziwe nene: kila sumaku inakula karibu ampea 3, na waya nyembamba itapata moto huku freni inabaki dhaifu. Kisha ufunge kasanduku mahali mkono wa shofere unafika bila kutafuta.

Ule mkono mdogo ulio juu yake unafunga freni ya remorke peke yake. Remorke ikianza kucheza kushoto na kuume, shofere anausukuma pole, remorke inavuta nyuma na kunyooka. Ukikanyaga pedali ya jeep kwa hofu, mara nyingi unaongeza ule mchezo.

Kupanga nguvu, tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Nenda kilometa 30 ama 40 kwa saa, sukuma mkono mdogo. Magurudumu ya remorke yakijifunga na kuburuza, punguza. Yakivuta kidogo sana, ongeza, simama karibu na pale yanapotaka kujifunga. Kisha mushuke Ngomo na vitesi ya chini, moteri ikisaidia. Ukishusha mzigo Uvira, upange tena kabla ya kurudi: ile nguvu ya tani moja, kwa remorke tupu, inafunga magurudumu yote kwenye kona ya kwanza yenye matope.