Fedha za Matibabu Huvujia Wapi? Mwajiri na Afya ya Mfanyakazi

Mwaka 2005, hospitali ya mgodi wa dhahabu wa Obuasi nchini Ghana ilikuwa ikipokea wastani wa wagonjwa 6,800 wa malaria kila mwezi. Kati yao, 2,500 walikuwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe, nao wafanyakazi wote walikuwa wapatao 8,000 tu. Kila mfanyakazi aliyeugua alikosa kazi kwa siku tatu hivi, na kwa hesabu hiyo mgodi ulipoteza zamu 7,500 kila mwezi. Dawa peke yake ziligharimu Dola za Marekani 55,000 kwa mwezi.

Mwajiri anapoletewa hesabu za namna hiyo, mara nyingi hukimbilia kupunguza kinacholipwa hospitalini: idadi ya wategemezi, orodha ya dawa, siku za mapumziko. Mgodi wa Obuasi ulichagua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2006, ulipulizia dawa ya ukoko katika nyumba za mji mzima, za wafanyakazi na za wasio wafanyakazi. Uliangamiza viluwiluwi katika mazalia ya mbu, ukagawa vyandarua na kuhakikisha kwamba wagonjwa wanapimwa na kutibiwa mapema. Katika muda wa miaka miwili hivi, wagonjwa wa malaria katika hospitali ile walipungua kwa takriban robo tatu. Baadaye Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria uliipa kampuni ruzuku ili ipanue kazi hiyo katika wilaya nyingine za Ghana. Kampuni yenyewe, AngloGold Ashanti, ndiyo inayomiliki mgodi wa Geita katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria si mgeni.

Jambo la kuzingatia katika habari hii ni mahali ambapo fedha zilikwenda. Mbu aenezaye malaria huuma usiku, na usiku mchimbaji yuko nyumbani kwake, mbali na geti la mgodi. Mwajiri aliyejifungia ndani ya uzio wake asingeweza kumfikia. Ilimlazimu atoke na kutumia fedha zake katika nyumba asizozimiliki, kwa ajili ya watu asiowalipa mshahara, kwa kuwa mbu hatofautishi nyumba ya mchimbaji na ya jirani yake.

Nchini Tanzania, gharama ambayo mwajiri huiona kwa urahisi ni mchango wa bima. Katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, ambao kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu kati yake na mwajiri. Kampuni nyingi binafsi hununua bima za kibiashara, ambazo ada yake hupandishwa kila mwaka kwa kufuata matumizi ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo, ada hiyo ni sehemu tu ya gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Fundi mitambo apatapo kiharusi akiwa na umri wa miaka 45, mwajiri wake humlipa akiwa kitandani na humlipa pia anayekaimu nafasi yake. Juu ya hayo, hupoteza ujuzi wa miaka ishirini usioweza kutangazwa gazetini wiki ijayo. Hasara hiyo haionekani katika ankara ya hospitali.

Kishawishi cha kumrudishia mfanyakazi sehemu ya gharama ni cha zamani, na kimewahi kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kati ya mwaka 1974 na 1982, taasisi ya RAND ya Marekani iliendesha jaribio ambamo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipata matibabu bure, na nyingine zilichangia kwa viwango mbalimbali kila zilipotibiwa. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache zaidi, na matumizi yakapungua. Kwa wengi wao, afya haikuonekana kudhurika. Lakini wagonjwa hawakuweza kutenganisha huduma ya lazima na isiyo ya lazima. Walipunguza zote mbili. Aidha, miongoni mwa watu maskini wenye shinikizo la juu la damu, waliotibiwa bure walidhibitiwa vizuri zaidi kuliko waliochangia.

Matokeo hayo yafaa yasomwe na kila afisa rasilimali watu anayefikiria kuondoa dawa za shinikizo katika orodha ya bima ya kampuni. Amlodipini na haidroklorothiazaidi ni miongoni mwa dawa za bei nafuu katika duka lolote la dawa. Mgonjwa ambaye figo zake zimeharibiwa na shinikizo lisilotibiwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa zipatazo nne kila mara, maisha yake yote au mpaka apandikizwe figo. Hakuna haja ya mhasibu ili kulinganisha njia hizo mbili.

Je, mwajiri afanye nini basi? Jibu linalouzwa sana siku hizi ni programu za ustawi: semina za lishe, mashindano ya kupunguza uzito, bonanza la michezo Jumamosi na fulana zenye nembo ya kampuni. Si mambo mabaya. Lakini mwajiri anayeyalipia kwa matumaini kwamba yatashusha gharama za matibabu anastahili kuambiwa ukweli. Mwaka 2019, katika jarida la JAMA, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika kampuni kubwa ya maduka ya jumla yenye vituo 160 na wafanyakazi wapatao 33,000. Vituo 20 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vipewe programu ya namna hiyo. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa vituo hivyo walisema kwamba wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao. Shinikizo la damu, lehemu, siku za utoro na gharama za matibabu havikuonyesha tofauti ya maana.

Kwa nini basi tafiti nyingi za awali zilionyesha faida? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois ulitoa sehemu kubwa ya jibu. Wafanyakazi waliojitokeza kwa hiari kushiriki walikuwa tayari na gharama ndogo za matibabu kabla programu haijaanza. Ajaye kwenye mbio za Jumamosi ni yule ambaye angekimbia hata bila kualikwa. Mwenye kisukari, watoto wanne na zamu ya usiku hubaki nyumbani kulala.

Mtego huo ulijulikana tangu zamani. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kitini karibu zamu nzima, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda, waliopanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wenye uzito kwamba kazi ya viungo huulinda moyo. Lakini Morris hakuishia hapo. Alikwenda kuchunguza vipimo vya sare walizopewa wafanyakazi hao, akakuta kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi kuliko za makonda. Huenda basi sehemu ya tofauti ilitokana na aina ya watu waliochagua, au waliochaguliwa, kushika usukani. Uaminifu wa kuitilia shaka hoja yake mwenyewe ni funzo kwa yeyote anayewauzia waajiri tiba za mkato.

Konda wa London hakuhudhuria semina ya mazoezi; ngazi zilikuwa sehemu ya kazi yake. Mchimbaji wa Obuasi naye hakutakiwa kuwa mtu mwenye nidhamu kuliko alivyokuwa. Nyumba yake ilipuliziwa dawa. Tukiitazama sehemu ya kazi kwa jicho hilo, mwajiri wa Tanzania ana mambo mengi yaliyo ndani ya uwezo wake.

La kwanza kwa uzito ni shinikizo la damu lenyewe. Siku ya upimaji kiwandani inafahamika: hema, muziki, foleni ndefu, na watu mamia kadhaa kupimwa kabla ya saa sita mchana. Wengi hupimwa wakiwa wamesimama au wametoka tu kubeba mizigo. Kipimo sahihi hutaka mtu aketi kwa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelazwa usawa wa moyo, na mkanda wa kipimo uwe wa saizi ya mkono wake. Anayepata 140 kwa 90 au zaidi hurudiwa siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa, isipokuwa kipimo kikiwa juu mno au akiwa na dalili za hatari. Hapo ndipo kampeni nyingi huanguka. Mfanyakazi huambiwa “nenda hospitali”, hema hufungwa, na hakuna anayejua kama alikwenda.

Kinachohitajika ni kitu kidogo na cha kudumu: muuguzi anayekuja kiwandani siku maalumu kila wiki, daftari la wagonjwa, simu kwa asiyeonekana, na utaratibu na kituo cha tiba ili mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo pale utaratibu wa bima unaporuhusu. Mgonjwa anayefuata dawa kila mwezi, akapita foleni ya kadi, ya daktari na ya famasi, hupoteza siku kumi na mbili za kazi kwa mwaka bila kuugua hata siku moja. Kibarua, ambaye asipofika halipwi, huziacha dawa. Vibarua hao ndio mara nyingi wasiokuwamo katika bima ya kampuni, ingawa wanavuta vumbi lilelile.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mwajiri anayetoa mlo wa mchana anashika mlo mmoja kati ya mitatu ya mfanyakazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani isiyojaa kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Mpishi wa kantini anaweza kuipunguza kidogo kidogo bila mlaji kugundua. Pale ambapo hakuna kantini kuna mama lishe, ambaye menejimenti nyingi humwona kama uchafu wa kufukuzwa getini. Afadhali apewe kivuli, maji safi na makubaliano kwamba mboga na tunda havitakosekana kwenye sahani.

Choo pia ni suala la afya, ijapokuwa halizungumzwi mezani. Mwanamke anayekaa kwenye mashine ya kulipia au ya kushonea kwa saa nane bila ruhusa ya kutoka hujizoeza kutokunywa maji na kubana mkojo. Zahanati humwona tena na tena kwa maambukizi ya njia ya mkojo, antibiotiki hutolewa, bima hulipa, na hakuna anayeuliza juu ya ratiba ya zamu.

Kwenye vumbi, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei wamechunguza kwa miaka mingi wafanyakazi wa viwanda vya saruji na kahawa, na uhusiano wa vumbi na dalili za mfumo wa hewa umeonekana. Barakoa ndiyo kinga ya mwisho, si ya kwanza. Kinachotangulia ni kuzuia vumbi linakotokea: kufunika mitambo, kufyonza hewa, kulowesha sakafu kabla ya kufagia. Barakoa huonekana nafuu kwa sababu mwenye kuivaa katika joto la Dar es Salaam ndiye anayebeba gharama yake.

Hayo yote hutegemea imani ya mfanyakazi kwamba ugonjwa wake hautatumiwa dhidi yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri agharamie uchunguzi wa afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi. Kinachopaswa kumfikia mwajiri ni hitimisho: anafaa kwa kazi hiyo, hafai, au anafaa kwa masharti. Kiwango cha sukari, matokeo ya mkojo na majina ya dawa hubaki kati ya mfanyakazi na daktari. Kuhusu Virusi vya UKIMWI, sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Muuguzi wa kiwanda anayeombwa na meneja “amwonyeshe orodha tu” anapaswa kukataa, na chuo kilichomfundisha kinapaswa kuwa kilimwandaa kwa siku hiyo.

Kwa wahudumu walio katika zahanati na hospitali za kawaida, mbali na kiwanda chochote, lipo swali moja ambalo halihitaji kifaa. Mwaka 1700, daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawashauri madaktari waongeze swali hili kwa yale waliyozoea: unafanya kazi gani? Kwenye mafaili mengi, jibu huandikwa “mjasiriamali” au “mwajiriwa”, nalo halisaidii. Iandikwe kwamba anapakia saruji, tangu mwaka gani, saa ngapi kwa siku, na kama kikohozi hupungua akiwa likizoni. Mgonjwa naye asisubiri kuulizwa. Siku atakapodai fidia ya ugonjwa unaotokana na kazi katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mistari hiyo michache iliyoandikwa miaka mitano nyuma inaweza kuwa sehemu kubwa ya ushahidi alionao.