Gitaa Moja Libebavyo Kazi ya Bendi

Katika bendi ya dansi kazi ya magitaa hugawanywa: la besi hushika msingi, la rithimu hujaza katikati, na la solo huchukua uimbaji. Mpigaji aliye peke yake mjini Mpanda, mwenye gitaa kavu moja tu, hana budi kuzitimiza kazi zote tatu kwa mikono miwili. Ugumu huzidi anapojaribu wimbo wa jazi ya Kimarekani kama "All the Things You Are", uliotungwa na Jerome Kern mwaka 1939, ambao mafungu yake ya noti hubadilika upesi na kupitia funguo tano. Akidhani kuwa nyuzi zote sita lazima zilie kila mara, vidole huchoka, wimbo hukatika, na gitaa hurudishwa ukutani. Elimu ya sauti yaonyesha njia iliyo nyepesi zaidi.

Uzi ukipigwa hautoi sauti moja tu. Uzi wa 5 ukiachwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde, nayo ndiyo noti ya A. Wakati huo huo uzi huo hutetemeka pia kwa nusu, theluthi na robo zake, hivyo hutoa sauti nyingine hafifu zenye mitetemo 220, 330, 440 na kuendelea. Mitetemo 330 inakaribia sana ile ya uzi wa 1, yaani noti ya E. Basi kila A ipigwapo, E imo ndani yake tayari.

Fungu liitwalo A7 lina noti nne: A, C♯, E na G. A ni msingi. C♯ na G ndizo zinazolipa tabia yake. E, ambayo ni ya tano kuhesabu kutoka A, yaweza kuachwa bila sikio kuona pengo. Ila ikiwa mtungaji ameipandisha au kuishusha noti hiyo ya tano, isiachwe, kwa kuwa uzi wa msingi hautaitoa.

Mfano huu wafaa kujaribiwa. A hushikwa kwenye uzi wa 6, freti ya 5. G uzi wa 4, freti ya 5. C♯ uzi wa 3, freti ya 6. Ili kuingia D7, kidole cha besi huvuka hadi uzi wa 5, freti ile ile ya 5. Vidole viwili vilivyobaki hurudi nyuma freti moja tu: G ikawa F♯, na C♯ ikawa C. Nyimbo za jazi zimejaa mabadiliko ya namna hii. Kidole cha nne kimebaki huru, na nyuzi za 1 na 2 zinangoja uimbaji.

Mkono wa kulia nao wahitaji mgawanyo wa kazi, na mfano wake hauko mbali. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kutoka pwani ya Karema na Ikola mkoani Katavi, ni nchi iliyokuwa sehemu ya Katanga hadi jimbo hilo lilipogawanywa mwaka 2015. Ndani zaidi ya Katanga, mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 akipiga "Masanga". Mwenda alitumia kidole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba, na msikilizaji hudhani magitaa ni mawili. Mafungu ya noti ya wimbo huo ni machache kuliko ya jazi, lakini kanuni ya mkono ni ile ile.

Kwa hiyo mwanafunzi na aanze na gumba na besi peke yake, polepole, hadi mwendo utulie. Kisha aongeze zile noti mbili za tabia, na mwisho uimbaji. Noti isiyo na kazi iachwe, ili zile zenye kazi zisikike.