Bastola Kuukuu Inapokataa Kuzunguka

Bastola ya silinda hudumu kuliko aliyeinunua kwanza. Mwenyewe akifariki, huachwa sandukuni pamoja na hati za shamba, au huuzwa na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Anayeipokea hatimaye hukuta silinda haizunguki, nyundo ni nzito kuvuta, au kifyatulio hakirudi mahali pake. Wengi hudhani dawa yake ni mafuta na nguvu za mkono. Tunapenda kueleza kwa nini dhana hiyo ni ya hatari.

Kifyatulio kinapovutwa, kazi mbili hufanyika pamoja. Nyundo hurudi nyuma, na kipande kidogo cha chuma kilichofichika ndani huisukuma silinda mpaka tundu lenye risasi lilingane na mtutu. Kipande kingine huishika silinda isiteleze, ndipo nyundo huanguka. Vyuma hivi hutegemeana kwa vipimo vidogo mno. Kimoja kikichakaa, vyote hupotea mwendo.

Sababu za ugumu ni nyingi. Mafuta ya zamani hukauka yakawa kama gundi. Kutu hushika chemchemi. Masizi ya baruti hujikusanya mbele ya silinda. Fimbo ya kusukumia maganda hupinda. Lakini iko sababu iliyo mbaya kuliko hizo: fataki ya risasi ikiwa imechomoza nje ya kitako, hukwaruzana na chuma na kuizuia silinda. Mwenye bastola huamini anapambana na kutu, kumbe anasugua risasi hai. Akilazimisha, inaweza kulipuka.

Mafuta nayo hudanganya. Hulainisha mwendo kwa muda, lakini hayaponyi uchakavu. Silinda isiposimama sawasawa na mtutu, risasi hugonga ukingo na vipande vya risi hutawanyika kando, vikamjeruhi mpigaji au aliye karibu naye. Zaidi ya hayo, bastola nyingi za kale hazina kizuizi cha nyundo. Zikianguka chini zikiwa na risasi mbele ya nyundo, huweza kufyatuka bila mtu kugusa kifyatulio.

Kwa sisi tuishio mipakani, kama vile Busia, Malaba na Mutukula, jambo hili lina upande wa pili. Fundi wa ng'ambo huonekana yu karibu, na pengine bei yake ni nafuu. Lakini nchini Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 hairuhusu mtu kununua wala kumiliki silaha bila cheti halali, na cheti hicho si ruhusa ya kuivusha silaha mpaka. Aliyerithi naye asijifiche nyuma ya cheti cha marehemu, kwa kuwa hakikuandikwa jina lake. Tena, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na Uganda pamoja na majirani zake, huzitaka serikali kuzitia silaha alama za utambulisho. Bastola iliyofutwa namba huzua maswali mazito kuliko ubovu wake.

Basi, ukikuta bastola ya namna hii, fanya hivi. Ihesabu kuwa ina risasi, hata kama umeambiwa ni tupu. Usichungulie mtutuni, usiigonge, usiivute nyundo kwa majaribio. Waondoe watoto, funga chumba, kisha umpigie simu afisa wa polisi wa eneo lako au umjulishe mwenyekiti wa LC1. Usiibebe mwenyewe njiani kuipeleka kituoni, subiri maelekezo. Mwenye cheti halali, ambaye silinda yake bado inafunguka, atoe risasi zote, azitenge mbali, kisha aombe polisi wamwelekeze kwa fundi mwenye leseni.

Tunajua hofu iliyopo: mtu huogopa kuulizwa alikoitoa. Ataulizwa, na ni haki yetu kuuliza. Hata hivyo, aliyekuja kwa hiari na kueleza ukweli hasimami mahali pamoja na aliyekutwa nayo darini baada ya jirani kujeruhiwa. Chuma kinachokataa kwenda kinatoa onyo, tulisikilize mapema.