Bei ya utulivu katika chipu za redio

KATIKA biashara ya chipu za redio, utulivu wa mawimbi haupatikani bure. Hulipiwa kwa umeme, na umeme huo hutoka katika betri ya mteja. Ndiyo maana sehemu moja ndogo, saketi ya kufunga fezi, huwashughulisha sana wabunifu wa simu na vipokezi vya setilaiti.

Kazi yake ni hii. Fuwele ya kwatzi hutoa mapigo ya polepole lakini ya kutegemewa. Megahezi 26 ni kiwango cha kawaida katika simu. Redio huhitaji kasi kubwa zaidi. Setilaiti za GPS, kwa mfano, hutangaza kwa megahezi 1,575.42. Osileta iliyo ndani ya chipu huifikia kasi hiyo, ila huyumba. Saketi huigawanya kasi ya osileta, huilinganisha na fuwele, kisha huisukuma au huizuia mpaka zote mbili ziende hatua moja. Mhandisi Mfaransa, Henri de Bellescize, alieleza wazo hilo mwaka 1932.

Myumbo unaobaki huitwa kelele ya fezi. Ukizidi, ishara yenye nguvu ya masafa jirani huingilia ile inayotakiwa, na data hupotea.

Gharama ya kwanza iko kwenye osileta. Kwa muundo uleule, kupunguza nguvu ya kelele kwa nusu hudai umeme maradufu. Osileta ya koili ni tulivu, lakini koili hula nafasi ya silikoni, na nafasi hiyo ni fedha. Osileta ya pete ni ndogo, lakini kwa umeme uleule kelele yake ni kubwa zaidi.

Gharama ya pili hutokana na kugawanya. Muuza nafaka anaijua hesabu hii: kibaba kikipungua punje moja, vibaba 40 hupungua punje 40. Vivyo hivyo, osileta ikienda mara 40 ya fuwele, kosa la kilinganishi huongezeka mara 40, na nguvu ya kelele yake mara 1,600.

Mwaka 2009 Xiang Gao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha njia ya kuukwepa mzigo huo. Saketi yao huchukua sampuli ya wimbi la osileta moja kwa moja kila fuwele inapopiga, bila kupitia kigawanyi. Chipu yao ya gigahezi 2.2 ilitumia miliwati 7.6, na myumbo wa mapigo yake ulikuwa wastani wa pikosekunde 0.15.

Hata hivyo, njia hiyo ina sharti. Bila kigawanyi, saketi haitambui kama imefunga mara 40 au mara 41. Hivyo huwekewa kitanzi cha msaada chenye kigawanyi, ambacho huielekeza mwanzoni kisha hupumzika.

Kwa mnunuzi wa chipu, funzo ni kwamba miliwati chache peke yake si sifa. Kelele na umeme vinapaswa kusomwa katika mstari mmoja. Chipu inayookoa betri lakini inapoteza data hulazimisha simu kutuma upya, na betri iliyookolewa huishia huko huko.