Moshi Uliowafuata Askari Nyumbani

Aghalabu tuzungumzapo hatari za vita, fikira zetu hukimbilia risasi, makombora na mabomu ya kutegwa ardhini. Ni nadra kumtaja adui asiye na bunduki wala bendera, yaani uchafu ambao askari huuvuta puani akiwa ndani ya kambi yake mwenyewe. Tena mara nyingi uchafu huo umewashwa moto kwa idhini ya wakubwa wake.

Tuitazame kambi ya Balad, kaskazini mwa Baghdad. Baada ya Marekani kuivamia Iraq mwaka wa 2003, kambi hiyo ilikua ikawa mfano wa mji, na mji hauishi kutoa taka. Palitengwa shimo kubwa, na humo zikatupwa chupa za plastiki, betri, magurudumu, makopo ya rangi na mabaki ya hospitali, kisha vyote vikamiminiwa mafuta ya ndege na kutiwa kiberiti. Wakati wa kilele, zaidi ya tani 100 ziliteketezwa kwa siku moja. Watu walikula, wakalala na kufanya mazoezi chini ya wingu hilo. Mwaka wa 2006, ofisa wa jeshi la anga aliyesimamia afya ya mazingira kambini aliwaonya wakubwa wake kwa maandishi. Shimo lilifungwa mwaka wa 2009.

Mwanafunzi wa kemia hatashangaa. Plastiki yenye klorini ikichomwa kwa moto hafifu wa shimoni haiteketei barabara. Huzaa dioksini, sumu ya jamii ile ile iliyokuwamo katika Agent Orange, dawa ya kupukutisha majani ambayo Marekani iliinyunyizia misitu ya Vietnam katika miaka ya 1960. Tanuri lenye joto kali hupunguza sana madhara hayo. Lakini tanuri ni ghali, na shimo halina gharama. Gharama yake hulipwa baadaye, na mtu mwingine.

Walioanza kulipa ni vijana waliorudi nyumbani wakashindwa kumaliza mbio ambazo zamani walizimaliza bila taabu. Askari 80 wa kambi ya Fort Campbell walipelekwa kwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2011. Picha za eksirei za karibu wote hazikuonyesha kasoro. Hata hivyo, askari 49 walipokatwa kipande kidogo cha pafu kwa uchunguzi, 38 kati yao walionekana kuwa na makovu yaliyoziba vijia vidogo kabisa vya hewa. Lazima niseme pia kwamba wengi wa hao 38 walikuwa wamevuta moshi wa mgodi wa salfa uliowaka karibu na Mosul mwaka wa 2003. Si kila ugonjwa ulitoka shimoni. Ila funzo la kitabibu ni lile lile: mtu aweza kuambiwa u mzima, na ilhali anakosa pumzi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwa miaka mingi askari mgonjwa aliyeomba fidia alitakiwa athibitishe mwenyewe kwamba maradhi yake yalitokana na moshi. Angethibitishaje? Ni nani aliyepima hewa aliyoivuta, siku gani, na kwa kiasi gani? Kamati ya wanasayansi ilikiri mwaka wa 2020 kwamba, kwa maradhi mengi ya kupumua, ushahidi haukutosha kuamua upande wowote. Wapo walioyashika maneno hayo kama kisingizio. Nionavyo mimi, asiyepima hewa hana haki ya kunufaika na ukosefu wa vipimo.

Agosti 2022, baada ya askari wastaafu kulala siku kadhaa kwenye ngazi za bunge mjini Washington, Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iitwayo PACT. Kwa sheria hiyo, aliyehudumu katika maeneo yaliyotajwa na akapatwa na mojawapo ya maradhi zaidi ya 20 yaliyoorodheshwa, huhesabiwa kuwa aliyapata kazini. Wale wa Vietnam walikuwa wamepata sheria ya namna hiyo mwaka wa 1991, miaka 20 baada ya unyunyiziaji kukoma. Wangapi walikufa wakingoja?

Nasi je? Askari wetu waliingia Somalia Oktoba 2011, na kambi za huko pia hutoa taka. Ningependa kila faili ya matibabu ya mwanajeshi ieleze alikohudumu, kwa muda gani na ni nini kilichochomwa karibu naye, iandikwe sasa wakati kumbukumbu zingali hai.

Walimu nao wasidhani kwamba haya ni ya wanajeshi pekee. Katika shule zetu nyingi limo shimo nyuma ya jikoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, lakini chupa, kalamu na betri za tochi bado humwagwa humo, na anayetumwa kuwasha moto Ijumaa jioni aghalabu ni mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kuchelewa. Adhabu hiyo ikomeshwe muhula huu.